4,294,967,297: Euler hakubahatisha

Hadithi ile imeanza kuzunguka tena. Mwanahisabati Fermat alidai kila namba ya mtindo wa 3, 5, 17, 257, 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kisha ongeza 1) ni tasa, mwenzake Euler akaja baadaye kwenye inayofuata, 2³² + 1, "akabahatisha" 641, ikagawanyika, makofi. Akabahatisha! Kana kwamba alitia mkono kwenye mfuko wa karanga akatoa 641.

Kipeuo cha pili cha namba hii kinapita 65,536 kwa uchembe. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Anayezipitia moja moja kuanzia 2 ataikuta 641 kwenye mgawanyo wa 116. Kwa mkono, akikosea kuazima mara moja tu, anaipita bila kujua.

Sasa fikiri kwanza. Tuseme p ni tasa inayoigawanya. Basi 2³² ukiigawanya kwa p inabakiza −1 (yaani imepungukiwa 1 tu kugawanyika), na 2⁶⁴ inabakiza 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakiza 1. Lakini kipeo cha p − 1 nacho hubakiza 1 (hilo ni la Fermat mwenyewe, maskini), kwa hiyo 64 lazima iigawanye p − 1. Zitafute tasa zinazozidi kigawe cha 64 kwa moja: 193, 257, 449, 577, 641. Basi. Migawanyo mitano! Jibu ni 641 × 6,700,417. Hiyo ya pili ni tasa, na kuithibitisha kunahitaji majaribio saba tu, kuanzia 641 tena (usiiruke, kigawo huweza kujirudia) hadi 2,113.

Haya, nakubali: mwaka 1732 Euler aliitaja 641 bila kuonyesha njia. Sababu ya 64 aliieleza miaka mingi baadaye. Kutoonyesha njia si kubahatisha.

Na kuhakiki hakuhitaji hata kikokotoo. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa ya kwanza, 5 × 2⁷ inabakiza −1. Ipandishe kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kwa ya pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisha: −2³² inabakiza 1. Imekwisha, mistari mitatu.

Kwa wanaotegemea programu: kwenye nafasi ya biti 32 namba hii hugeuka kuwa 1, kimya kimya, na programu inaendelea kukujibu kwa adabu zote. Na jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (iite namba yetu N, pandisha 2 kwa kipeo cha N − 1, uone kama inabakiza 1 ukiigawanya kwa N) linaipitisha kama tasa, kwa sababu N − 1 ni 2³², nayo inagawanyika kwa 64. Tumia msingi wa 3, huo unaikataa.