Hata Kulalamika Nimenyimwa

Naombeni mtu aniambie: mshenga aliyevaa koti akae wapi, kama reli yenyewe imekaa hewani?

Maana nimeiona kwa macho yangu. Treni yetu ya kwenda Dar ilipita stesheni ya Gulwe gizagiza, ikapiga breki, ikanyamaza. Kulipopambazuka tukateremka, tukatembea hadi mbele ya kichwa kuchungulia. Tuta hakuna. Mto umelibeba lote na kokoto zake, umeacha vyuma viwili vinaning'inia na mataruma yake kama ngazi iliyosahauliwa na fundi rangi. Chini yake maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mgomba mzima umesimama wima, unasafiri. Mgomba unakwenda Kilosa. Mimi nimebaki.

Na kichwani jua, wala tone! Mvua ilinyesha huko juu Dodoma, maji yakashuka usiku kwa mto Kinyasungwe yakatukuta tumelala. Mjerumani naye, kabla hajafikisha reli hii Kigoma mwaka 1914, aliona njia rahisi ya kupenya milima hii ni kufuata bonde la mto. Sawa. Lakini ukitandika kitanda mlangoni kwa mlevi, usiulize nani kakukanyaga.

Mke wangu alishanionya: shuka Dodoma, panda ile ya umeme. Nikamjibu nauli nimelipa hadi Dar, siachi hela yangu relini. Hilo tuliache.

Nikarudi behewani, nikakunja koti, nikashusha pumzi ya mtu mzima, nikaanza: "Jamani, haya mateso gani tena..."

"Haya?" Mzee wa kiti cha mbele, kofia ya kufuma, mkongojo katikati ya magoti. "Haya ndiyo mateso?"

"Shikamoo mzee wangu. Tumesimama tangu saa kumi alfajiri."

"Marahaba. Na sasa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Akacheka peke yake. "Mwaka wa mvua za Elinino, 1997, ulikuwa wapi?"

"Shule ya msingi."

"Basi nyamaza."

Mimi! Baba wa watoto wanne, nimetumwa na ukoo kwenda kuzungumzia mahari! Akaanza kunisimulia Elinino, tone kwa tone. Alipofika mahali reli ilipokatika, akanyoosha mkongojo kwenye tenga langu. "Humo mna nini?"

"Samaki, mzee. Migebuka mikavu ya ukweni."

"Toa mmoja tuone kama bado mzima."

Ulikuwa mzima. Akauthibitisha hadi mkia.

Nikajaribu joto. Joto gani, kasema, wewe ungeliona la Desemba 2009, reli ilipokatwa tena hapa hapa kati ya Kilosa na Gulwe. Mgebuka wa pili. Nikajaribu bei ya maji ya kunywa. Kumbe wao waliyachuja kwa kanga. Mama mmoja pembeni, ambaye hakuulizwa na mtu, akaitikia, "Kweli kabisa, na kanga zenyewe zilikuwa nzito." Naye akapewa kichwa cha mgebuka. Kutoka tenga la nani? Langu!

Uzalendo ukanishinda. Nikasimama, koti likaangukia kwenye ndoo ya mawese ya mtu, nikapiga kelele: "Mzee, nakuomba kwa heshima zote, na mimi niache niteseke!"

Behewa zima kimya. Mtoto akaacha kunyonya.

Mzee akaweka mkongojo chini, akafuta mdomo. "Haya mwanangu. Sema. Tunakusikiliza."

Mnajua kilichotokea? Maneno yakakauka. Malalamiko ya siku nzima, niliyoyapanga vizuri kabisa, hata moja sikulipata. Watu wananitazama. Nikasema, "Kuna joto."

"Pole," wakaitikia wote.

Nikakaa.

Jioni wakaja kutufaulisha kwa mabasi. Kondakta akanusa tenga, akaninusa mimi, akasema kimoja kati yetu kiende kwenye buti. Tenga likaenda. Sasa nina koti lenye mkono mmoja wa mawese, mwekundu hadi kwenye kiwiko, na shemeji yangu anapiga simu kila nusu saa kuuliza nimefika wapi, kana kwamba dereva ni mimi. Mke wangu hakuuliza hata nimekula nini. Kauliza chumvi. Chumvi ya Uvinza! Uvinza tulipita juzi, nimelala, na hata ningekuwa macho, chumvi ya nini wakati dukani kwa jirani ipo na hajawahi kutukatalia, ukiondoa ile wiki ya deni la sabuni, ambalo kwanza halikuwa deni langu, lilikuwa la mdogo wake aliyekuja kukaa siku tatu akakaa miezi mitano...

Tumesimama Gairo. Na nani amekaa kiti cha pembeni yangu? Kofia ya kufuma. Amechungulia dirishani, amenigusa bega, ananiambia nishuke nikanunue viazi vitamu.

"Vya nini, mzee?"

"Sasa hiyo migebuka tutalia nini?"