Kadi ya gari ikaguliwe kabla ya injini
Nimesoma makala moja inayowashauri wanunuzi wa magari yaliyotumika waende na fundi akague injini kabla ya kulipa. Ushauri huo ni mzuri, lakini hapa Tanzania naona wengi wanalizwa na karatasi kuliko injini, na jambo hilo linaniuma.

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia gari dogo jijini Dar es Salaam. Dashibodi ilionyesha kilomita 68,000, ilhali mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kikaonekana, na usukani uling'aa kwa kushikwa miaka mingi. Tukatambua kwamba mita ilikuwa imerudishwa nyuma. Tulipoomba kadi halisi ya usajili wa gari, muuzaji alitoa nakala ya kivuli tu. Baadaye tulibaini kwamba kadi yenyewe ilikuwa kwa mkopeshaji, na deni halijaisha.

Ndugu wasomaji, linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye kadi, hakikisheni kwamba mwenye gari kwenye kumbukumbu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ndiye anayewauzia, na msitume "pesa ya kushikilia" kwa gari mliloliona kwenye picha tu. Muuzaji naye awe macho, kwa sababu ujumbe wa simu wa "umepokea" pesa unaweza kuandikwa na yeyote kutoka namba ya kawaida. Aangalie salio lake mwenyewe, tena kwa utulivu, kabla ya kukabidhi funguo.