Hao Samaki Hawaombi Mkate, Wanatafuta Hewa

Majuzi nililala kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, nikaamka alfajiri kabla jua halijachomoza. Katikati ya bustani kuna bwawa la koi, wale samaki wa rangi wa mapambo. Wote walikuwa juu, midomo wazi, wamejibana pale maji yanapomwagika kutoka kwenye bomba. Mgeni mmoja alikuwa anawapiga picha. Kijana wa bustani akaja na mkate mkononi.

"Shikamoo mama. Hawa kila asubuhi wanaamka na njaa, wanaomba mkate."

Alisema kwa upendo kabisa, na mimi sina neno naye, maana hakuna aliyewahi kumfundisha. Nilimwomba auweke mkate pembeni na afungulie maji yamwagike kwa nguvu kutoka juu zaidi. Samaki wale walikuwa wanakosa hewa. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo haijaisha, na hasira hiyo ni ya wenye mabwawa: wanaotoa fedha nyingi kununua samaki wa rangi, kisha hawatoi hata kidogo kwa ajili ya maji wanayoishi ndani yake.

Sentensi ninayoisikia mno ni hii: "Huku kwetu hakuna baridi, koi hawana msimu." Nakubali nusu yake. Maji ya mabwawa yetu hayashuki hadi nyuzi 10, pale ambapo wafugaji wa Japani na Uingereza huacha kabisa kulisha. Barafu hatuijui. Lakini fikirini maana yake. Kule bwawa linapumzika miezi kadhaa kila mwaka. Samaki hawali, hawachafui, na mwenye bwawa anapata muda wa kurekebisha mambo. Hapa koi wanakula Januari hadi Desemba na kuchafua Januari hadi Desemba. Filta haipati likizo. Kukosa baridi kumetuongezea kazi, na bado watu wanalichukulia hilo kama ruhusa ya kutofanya kazi.

Na misimu tunayo. Ni ya mvua, jua na upepo, basi.

Hatari kubwa kuliko zote ni mvua za kwanza za vuli, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo samaki wengi wa mji huu wanapofia. Miezi ya kiangazi vumbi limekaa juu ya mabati, kinyesi cha ndege kimekauka juu ya mawe, saruji imemwagika kwa jirani anayejenga mlimani. Mvua ya kwanza inakusanya vyote hivyo na kuviteremsha. Mwanza ni mji wa vilima. Bwawa lililochimbwa chini ya mteremko bila mfereji wa kuzunguka litapokea uchafu wa kila aliye juu yake. Hilo watu wanaliona kwa macho, maji yanageuka rangi. Wasiloliona ni jambo la pili.

Maji ya ziwa letu, ambayo ndiyo yanayotoka bombani, ni maji laini. Hayana chokaa nyingi iliyoyeyuka. Mawe tunayopambia mabwawa ni matale ya hapa hapa, na matale hayatoi chokaa. Wakati huo huo bakteria wa kwenye filta, wanaogeuza amonia ya samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali, wanatumia hiyo chokaa kidogo iliyopo siku hadi siku. Ikishuka mno, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (ikiwa chini, maji ni machachu), haina cha kuizuia isianguke. Mvua kubwa inashuka, nayo haina chokaa hata chembe, inayazimua maji, na pH inaporomoka usiku mmoja. Bakteria wanasimama kazi. Amonia inaanza kujikusanya. Asubuhi mwenye bwawa anaona samaki wamezubaa chini, mapezi wameyabana, anaogopa, anafungulia bomba ajaze maji mapya. pH inapanda ghafla, na amonia ile, ambayo kwenye pH ya chini ilikuwa haijawa kali, inageuka sumu hapo hapo. Samaki wanakufa mchana, na wote wanasema maji ya bomba yamewaua, au mvua imewaua, au jirani amewaloga.

Dawa yake si ghali. Mfuko wa wavu uliojaa maganda ya konokono, yale yanayouzwa kwa wafuga kuku, yakaoshwa vizuri na kuwekwa ndani ya filta mahali maji yanapopita. Yanayeyuka taratibu na kurudisha chokaa. Kipimo cha pH na cha amonia vya matone, na daftari la kuandika. Basi. Mtu aliyemudu kununua Kohaku mweupe mwenye mabaka mekundu hawezi kuniambia hana fedha ya maganda ya konokono.

Sasa turudi kwenye ile alfajiri. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita kama 1,134, na mji wenyewe unapanda juu ya hapo. Mwinuko unapunguza hewa inayoweza kuyeyuka majini. Maji ya nyuzi 25 kule pwani hubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Hapa, kwa joto lile lile, ni kama 7.2. Na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, bwawa likiwa safi. Weka ndani yake mwani wa kijani. Mchana, jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni na kila kitu kinaonekana kizuri. Usiku mwani huo huo unaivuta, pamoja na samaki, pamoja na bakteria, pamoja na tope la chini. Saa kumi na moja alfajiri ndipo kiwango kinapokuwa chini kuliko wakati wowote. Ukija bwawani saa nne asubuhi umeshachelewa kuona tatizo, na koi wakubwa ndio wanaotangulia kufa.

Kuna watakaoniambia kwamba hata Niigata kule Japani, ambako wakulima wa mpunga walianza kuwazalisha samaki hawa katika karne ya 19, koi hukuzwa kwenye mabwawa ya tope yenye maji ya kijani, na hutoka wakiwa na rangi ya kupendeza. Ni kweli, siwezi kubisha. Ila yale ni mabwawa makubwa mno kwa idadi ya samaki waliomo. Bwawa la bustani lenye lita 5,000 na koi 30 haliwezi kujilinganisha nayo. Kwa samaki mkubwa mmoja, hesabu lita 1,000. Kina kiwe mita 1.2 hadi 1.5, na pampu ya hewa iwashwe usiku kucha, si mchana wageni wakiwepo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa filta wanakufa kwa kukosa hewa. Umeme ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya filta kabla hujayaruhusu yaingie bwawani. Kipampu kidogo cha hewa cha sola kinaokoa maisha.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina ubaya wake wa kimyakimya. Usiku baridi, mchana jua kali na upepo, maji yanakauka. Watu wanaongeza maji kila siku na kudhani wanabadilisha. Maji yanayopanda hewani yanaacha uchafu wote uliokwisha kuyeyuka, kwa hiyo kila ukiongeza bila kutoa, unaurundika. Toa kwanza asilimia 10 hadi 15 kila wiki, kutoka chini, ndipo uongeze. Maji ya bomba yalaze kwenye tenki lililo wazi siku moja au mbili klorini itoke. Klorini inaunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wako wa filta kwa mpigo mmoja.

Kuhusu rangi, wenye hoteli huniuliza chakula gani kitawafanya wawe wekundu zaidi. Chakula chenye spirulina, aina ya mwani, kinasaidia wekundu, na ukizidisha kinatia weupe umanjano. Lakini angalieni weupe wenyewe. Koi anayeishi kwenye maji mabaya weupe wake unachafuka, unaingia wekundu wa mishipa ya damu, na hakuna chakula kitakachouficha. Mkate na ugali wa jana vinaozea chini. Dagaa wachache si vibaya, wakioshwa mchanga. Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo mpe kidogo kidogo mara kadhaa, kiasi atakachomaliza kwa dakika tano.

Mnandi, yule ndege mla samaki, na kenge wazuieni hivi: wavu juu, kingo zenye kina. Magugu maji kutoka ziwani msiyalete, yanakuja na konokono wa kichocho na watoto wenu wanachezea hapo. Samaki mpya atengwe wiki tatu hadi nne, kwa sababu kirusi cha koi kinachoua bwawa zima hushamiri kwenye maji ya nyuzi 16 hadi 28, yaani joto letu la mwaka mzima.

Na tafadhali, ukichoka kufuga, usiwamwage ziwani. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili, na aina zao nyingi hatutaziona tena. Koi hufukua tope akitafuta chakula, huchafua maji na kung'oa mimea. Mpe mwenye bwawa mwingine.

Tuko mwisho wa Septemba. Mvua zinaweza kuanza wiki yoyote kuanzia sasa. Wenye hoteli wa ufukweni, chimbeni mfereji wa kukinga upande wa mlimani, geuzeni bomba la paa lisimwage bwawani, ondoeni tope la chini kidogo kidogo, pimeni pH leo ili mjue mnaanzia wapi. Na yule kijana wa bustani mpeni tochi, vipimo, mafunzo ya siku chache kwa wataalamu wa uvuvi walioko Nyegezi, na mamlaka ya kufungua maji saa kumi na moja alfajiri bila kusubiri meneja aamke.