Kata Inapoulizwa Hadharani

Siri ya mtungi muulize kata. Methali imetuambia tuulize. Haikusema kata ijibu mbele ya watu wangapi, wala itarudi vipi mtungini baada ya kujibu. Hilo hunijia kila ninapomwona kijana wa miaka 16 au 17 ameshika kipaza sauti, anaeleza maisha ya nyumba ambamo mzazi ni mraibu wa pombe au wa dawa za kulevya, kisha anadai watoto wa nyumba za namna hiyo nao wakumbukwe. Wapo wanaomshangilia, wapo wanaosema anatumiwa. Mimi niko upande wake, ila si kwa kila anachoombwa kufanya.

Nguvu yake ni hii. Uraibu hujilinda kwa ukimya, na mtoto hufundishwa ukimya huo bila kuambiwa neno. Anapokea simu na kusema baba ana homa. Haleti wenzake nyumbani. Usiku anasikiliza ufunguo unavyohangaika kwenye kitasa, apate kujua leo kutakuchaje. Hukua akiamini kwamba ni kwao tu, na kwamba huenda yeye ndiye chanzo. Watu wazima wanaweza kumwambia mara mia kwamba hana kosa. Akiambiwa na mtu aliyewahi kuusikiliza ufunguo kama yeye, maneno yale yale yanaingia.

Kijana huyo pia huwasukuma wakubwa. Matibabu ya uraibu kwa kawaida humtazama anayekunywa au anayejidunga. Mtoto hana faili. Nchini Uingereza, mwaka 2003, baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilikadiria kwamba watoto wenye mzazi mwenye tatizo kubwa la dawa hizo walikuwa kati ya 250,000 na 350,000, takriban mtoto mmoja kwa kila mtumiaji wa aina hiyo. Takwimu kama hizo zinaweza kulala kabatini miaka. Sauti ya kijana ni vigumu kuifungia kabatini.

Lakini takwimu nazo zina makali pande mbili. Watetezi hupenda kutaja utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa mwaka 1998, uliotokana na watu waliokuwa wakipimwa afya na Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu, huko San Diego, Marekani. Waliopitia aina nne au zaidi za masaibu ya utotoni, kuishi na mlevi au mtumia dawa ikiwa mojawapo, walikuwa na hatari ya ulevi, matumizi ya dawa, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 zaidi ya wasiopitia hata moja. Kwa waziri hiyo ni hoja. Kwa mtoto wa miaka 10 aliyeketi safu ya nyuma ni ramli: na wewe utakuwa kama baba yako. Ningependa anayetaja utafiti huo ataje pia ule wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya waliokulia katika mazingira magumu kupita wenzao, wenye wazazi walevi wakiwemo, karibu theluthi moja walikua watu wazima waliotulia na kujimudu. Jambo mojawapo lililowasaidia ni kuwa na mtu mzima, hata asiwe mzazi, aliyewajali bila kuyumba.

Wanaotilia shaka majukwaa nao wana historia ya kuegemea. Mwaka 1957, huko California, kijana aliyekuwa na mzazi katika Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alianzisha mikutano ya vijana inayojulikana kama Alateen. Kanuni yake ni kwamba yanayosemwa pale hubaki pale, na majina hayatoki nje. Ukimya unavunjwa, ila mbele ya wanaokuelewa. Mtoto anapata kusema bila dunia nzima kupata kumsema.

Hoja yao nzito kuliko zote, nionavyo, hutajwa kwa nadra. Mtoto wa nyumba yenye uraibu mara nyingi ni mzazi mdogo: huwaamsha wadogo zake, huficha chupa, hupatanisha wanaogombana. Amezoea kwamba thamani yake ni kubeba wengine. Sasa mpe huyo kipaza sauti, umwambie maelfu wanamtegemea. Je, umemtua mzigo ule, au umempandisha cheo? Saa nane za usiku anajibu ujumbe wa watoto asiowajua, hawezi kulala kabla mmoja wao hajasema yuko salama, kama vile zamani alivyoshindwa kulala kabla baba hajaingia. Sisi tunapiga makofi, tunasema kijana amekomaa.

Tena kuna wenzake ndani ya hadithi hiyo. Mtu aliyeacha anaweza kurudia, na wanaotibu uraibu hulijua hilo. Baba aliyepongezwa hadharani mwezi wa tatu anaanguka mwezi wa nne, na kijana ana mwaliko wa hotuba mwezi wa tano. Aseme nini? Mdogo wake, anayesoma shule ile ile, hakuulizwa kitu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika ibara ya 12, na katika ibara ya 16 unalinda faragha yake na ya familia yake. Zote mbili hugongana kwenye video ya dakika tatu isiyofutika tena.

(Pingamizi la kwamba mtoto hamwaniki mzazi sitakaa nalo. Mficha maradhi kilio humfichua, na majirani huwa wanajua siku nyingi.)

Basi asemeje? Ningemshauri apunguze kisa, aongeze dai. Usiku mbaya kuliko wote si lazima autoe. Waandaaji ndio huutaka, maana unaliza ukumbi. Wamwonyeshe kabla kitakachorushwa, wamruhusu kubadili nia hata asubuhi ya siku yenyewe, na awepo mtu mzima wa kumpigia simu kesho yake. Na wazungumzie hofu inayomfunga mdomo mtoto anayesikiliza: nikisema, watamchukua mama. Kumwambia "vunja ukimya" bila kumweleza kitakachofuata ni kumsukuma gizani.

Dai lenyewe laweza kuwa dogo. Kila mtu mzima anapofika kutibiwa uraibu, aulizwe: nyumbani kuna watoto, na leo usiku wako na nani? Swali hilo halihitaji kijana yeyote alie mbele ya kamera.