Mishipa ya Ubongo Haisomwi kwa Kichwa cha Mbuzi

Mama yangu mdogo alianguka uani kwake, Wete, Pemba, akiwa anakuna nazi. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Watu wakasema kapigwa na upepo. Likaandikwa kombe, aya za Qur'ani zikaoshwa kwa maji, akanywa, na kombe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na saa zilizopotea, maana kile kilikuwa kiharusi: mshipa wa ubongo umeziba. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Yeye alifika hospitali kesho yake.

Nilikuwa nasomea uuguzi, na jibu nilishaliandika kwenye mtihani: kupooza kulia na kupoteza maneno, tazama ubongo wa kushoto, mshipa wa kati. Nikapata alama nzuri. Mshipa wenyewe sikuwahi kuuona. Chuoni kwetu palikuwa na ubongo mmoja kwenye ndoo ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, umekatwakatwa, utando umebanduliwa zamani na mishipa imeondoka nao. Tukabaki na chati ya ukutani.

Baadaye, mahali pengine, nilishika ubongo ambao mishipa yake ilijazwa mpira mwekundu. Fomalini inachoma macho, machozi yanatoka yenyewe. Nikaupindua. Mishipa miwili inapanda kutoka mbele ya shingo; miwili mingine inapita ndani ya pingili za shingo, ikifika juu inaungana kuwa mmoja. Yote inakutana kwenye duara dogo, kidole gumba na cha shahada vinatosha kulizunguka. Ni duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza aliyelieleza mwaka 1664. Hapo ndipo mshipa wa kati unapochepuka kwenda ubavuni, mwembamba kama mrija wa wino ndani ya kalamu. Nikausimamia muda mrefu, wenzangu wakanisubiri.

Wapo wanaosema vichwa vya mbuzi vimejaa sokoni Darajani, tusomee hivyo. Kwa kusomea jicho, sawa. Kwa damu ya ubongo, hapana: mbuzi ana wavu wa vimishipa chini ya ubongo ambao binadamu hana. Galen, tabibu wa zama za Warumi, aliuona kwa wanyama akaandika kuwa na sisi tunao, na kosa lile likafundishwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Tena hata binadamu hatufanani: wengi duara lao lina kipande chembamba mno, au hakipo kabisa. Ndiyo maana ubongo mmoja kwa chuo kizima hautoshi.

Najua kinachotuzuia. Maiti tunaiharakishia kaburi, na tumefundishwa kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Siombi maiti za Unguja wala Pemba. Naomba vinunuliwe vielelezo vya watu waliousia miili yao kwa masomo, vilivyohifadhiwa kwa njia aliyoibuni Gunther von Hagens kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1977: maji na mafuta yanatolewa, plastiki inaingia mahali pake. Vinakaa miaka, havinuki, na kabatini vitapata heshima ambayo vile vipande vya ndoo havikuipata.

Mtoto wa mama mdogo aliniuliza mshipa ulioziba uko wapi. Nikamchorea nyuma ya kadi ya kliniki. Akaitazama, akasema, "Mkubwa hivi?" Nikamwambia hapana, hii kalamu yangu ndiyo nene.