Moja, Moja, Moja

Gari otomatiki likigoma kutoka gia ya tatu, barabara ya Mwanza kwenda Magu huwa ndefu mno. Ukiwa na mama mkwe kiti cha nyuma, kapakata ndoo ya dagaa wabichi wa harusi ya shemeji, ndiyo haiishi kabisa. Tukisimama, kuondoka tena ni kama kusukuma Jiwe la Bismarck. Mama mkwe kimya. Mkwe akinyamaza, ujue anahesabu.

Igoma tukapata fundi. Akachomoa plagi ya waya za gia boksi, akatoa mita yake ya njano, akaanza kupima solenoidi. Hizo ni koili zinazofungua na kufunga njia za oili ili gia ibadilike, na kwa gari kama langu koili nzima husoma omu 11 hadi 15. Fundi hilo alilijua, haki yake nampa.

“Inatakiwa kumi na tatu, bosi. Ona hapa. Moja.”

Akahamia ya pili. Moja. Ya tatu, moja.

“Zimechoka zote. Rafiki yangu anayo seti, imetoka Japani juzi juzi tu.”

Alipotaja bei nikaanza kuwatazama wale dagaa kwa jicho la biashara.

“Fundi, mwanangu,” mama mkwe akaita dirishani, “hiyo moja mbona imejitenga kushoto peke yake? Hebu gusanisha ncha zako zenyewe kwa zenyewe.”

Fundi akacheka kwa heshima, akagusanisha. Ilipaswa kuja sifuri. Ikaja moja. Akazitenganisha, akazishika hewani: moja.

“Basi na hewa imechoka. Ibadilishwe.”

Mama huyu ana mitumbwi ya dagaa. Tangu karabai zipishe taa za betri, usiku wa giza hakuna kijana wa kumwambia betri imekufa, anapima mwenyewe. Hiyo moja ya pembeni, akatuambia, ni mita kusema njia imekatika, haioni kitu. Na kweli, waya mwekundu wa mita ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake. Kijana wa gereji akainamisha kichwa: alikuwa akiufungia geti.

Waya ukaungwa. Sasa ikaja 13, 14, 13, na moja ya kweli mahali pamoja tu. Solenoidi ikaletwa kwa bodaboda. Mama mkwe akaipima kabla hajatoa hela. Moja. Ikarudi na bodaboda hiyo hiyo. Ya pili ikasoma 12, akailipa nusu ya bei, kisha akadai nyongeza kama yuko soko la samaki la Mwaloni.

“Mama, solenoidi ina nyongeza gani?”

Kuifunga kulitaka kumwaga oili na kushusha sinia la chini la gia boksi, na muda huo paka wa Igoma walishapata habari za ndoo. Tuliondoka jua linazama, gia zinabadilika vizuri.

Tumefika Kisesa ndipo nikaangalia kwenye kioo. Mita ya njano imelala juu ya dagaa.

“Mama, hiyo…”

“Nyongeza, baba. Angalia barabara.”