Kitambulisho Hakitoshi Kutuambia Nani Aingie

Nimetumiwa fomu ya tamasha moja la filamu za wanawake hapa Nairobi na tangu niisome nina hasira. Sharti lao ni kwamba mwelekezi au mtayarishaji mmoja awe mwanamke, naye aambatanishe nakala ya kitambulisho ili kuthibitisha jinsia yake.

Najua lilikotoka. Matamasha ya aina hii yamezozana kwa miaka, Ulaya na huku kwetu: mwanamke aliyebadili jinsia anahesabiwa? Na yule asiyejitambulisha kama mwanamke wala mwanamume? Wengine wamewafungulia mlango, wengine wamewafungia. Hawa wa kwetu wameona heri karani wa usajili wa watu awaamulie.

Karatasi za nchi hii zinamchelewa binadamu. Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014 ndipo jaji akaagiza Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake. Cheti cha shule tu hicho. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, wakapatikana 1,524, na kila aliyewahi kufanya kazi ya takwimu Kenya anajua wangapi hujificha karani anapobisha hodi. Sasa msichana wa Kayole aliyekopa kamera, akapiga filamu yake ya dakika 12 na kuihariri usiku kwenye kompyuta ya rafiki, aambiwe haingii kwa sababu herufi moja kwenye kadi yake haifanani na maisha anayoishi?

Isitoshe, sisi tunajua ladha ya kuamuliwa. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa rasmi Cannes, tamasha kubwa la filamu huko Ufaransa, na huku nyumbani ikapigwa marufuku. Ilibidi mahakama iisimamishe marufuku hiyo kwa siku 7 ndipo watu wakajazana sinema ya Ngong Road kuitazama. Tuliolalamika mwaka ule kwamba mtu wa ofisini hana haki ya kutuchagulia hadithi gani ya mwanamke ionyeshwe, tunawezaje leo kumkabidhi mtu wa ofisini swali la nani ni mwanamke?

Tena sharti lenyewe halimzuii anayepaswa kuzuiwa. Lisome upya: mwelekezi *au* mtayarishaji. Kampuni ya wanaume watupu itamwandika dada mmoja wa hesabu kuwa mtayarishaji, itaambatanisha kitambulisho chake, na filamu itapita bila swali. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Anne Mungai aliielekeza filamu ya Saikati mwaka 1992, zamani hiyo, lakini kwenye seti nyingi nilizofanyia kazi bado nawakuta wanawake kwenye vipodozi, mavazi na chakula, huku kamera, taa na neno la mwisho vikiwa vya wanaume. Tamasha la wanawake liliwekwa kwa ajili ya neno hilo la mwisho. Waandaaji waulize nani alichagua hadithi, nani aliongoza waigizaji, nani alikaa na mhariri hadi mwisho, nani alilipwa na kiasi gani. Mtu aliyeibeba kazi atayajibu hayo bila kusita, na dada wa hesabu atakwama swali la pili. Kuhusu jinsia, mtu ajiandike mwenyewe, aaminiwe.

Wapo wanaotaka tufute mambo ya jinsia kabisa, kama tamasha la filamu la Berlin lilivyounganisha tuzo za waigizaji wa kike na wa kiume kuanzia 2021. Kwa waigizaji sina ubishi. Kwa waelekezi ni mapema mno: Jane Campion alipata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1993, akiigawana na mwanamume, na mwanamke aliyefuata, Julia Ducournau, akaja 2021.

Nakubali, shingo upande, kwamba tamasha linahitaji mpaka. Bila mpaka wenye pesa watajaza ratiba yote. Na mwenzangu mmoja ninayemheshimu sana, aliyeanza kuuza filamu kwenye barabara ya River Road wakati wa kanda, aliniambia hofu yake si watu waliobadili jinsia. Ni kwamba nafasi ni chache na tuzo ni kiduchu, na kila mlango ukifunguliwa yeye husukumwa nyuma. Hofu hiyo siidharau. Lakini walioijaza hiyo foleni mbele yake miaka yote hii ni wanaume wenye kampuni, na hao ndio sharti hili linawapisha. Waandaaji waliondoe neno "au", waondoe na kitambulisho, kabla hawajaanza kupokea filamu.